Gridi ya kurasa za jarida la Kiswahili: namna ya kuipima, kuijenga na kuitumia

Ukichukua ukurasa mmoja wa jarida lililopangwa kwa uangalifu na kuuinua mbele ya dirisha lenye mwanga, utaona kwamba mistari ya maandishi ya upande wa nyuma imelala sawasawa nyuma ya mistari ya upande wa mbele, na kwamba nafasi nyeupe kati ya safu za upande mmoja inaangukia nafasi nyeupe ya upande wa pili. Hilo halitokei kwa bahati. Kabla ya neno la kwanza kuwekwa mahali pake, msanifu kurasa alichora kiunzi cha mistari isiyochapishwa, na humo akaamua upana wa safu, kimo cha picha na mahali ambapo kila mstari wa maandishi utasimama. Kiunzi hicho ndicho gridi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima gridi hiyo, kuijenga na kuitumia, kwa mfano mmoja tutakaoufuata tangu mwanzo hadi mwisho: jarida la Kiswahili la kurasa 48, ukubwa wa A4, yaani milimita 210 kwa 297, lililofungwa kwa pini mgongoni. Kiswahili nimekichagua kwa makusudi. Vipimo vingi vya gridi vinavyosambaa mtandaoni vilitengenezwa kwa lugha zenye maneno mafupi kuliko yetu, na mtu anayevinakili bila kuvijaribu hugundua tatizo lake siku ya kumimina makala ndani ya safu, wakati ambapo tarehe ya kwenda kiwandani imekwisha kupangwa.

Hatua ya kwanza: orodhesha vitakavyokaa ndani

Usifungue kompyuta bado. Chukua karatasi uandike aina zote za kurasa ambazo jarida litakuwa nazo: makala kuu, habari fupi, tahariri, barua za wasomaji, mahojiano, jedwali la bei za mazao, ratiba ya matukio, matangazo ya biashara. Kando ya kila aina, andika kitu kirefu kuliko vyote na kitu kidogo kuliko vyote kitakachoingia humo. Makala kuu huenda ikawa na maneno 2,000 na picha nane. Ratiba huenda ikawa na mistari 30 yenye tarehe, mahali na namba ya simu. Gridi nzuri ni ile inayoweza kuvibeba vyote viwili bila kubadilishwa, na njia pekee ya kujua kama inaweza ni kuwa na orodha hiyo mezani.

Muulize pia mtu wa matangazo ni ukubwa gani wa nafasi anaouza. Swali hili husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo linaloivunja gridi mapema kuliko mengine yote, kwa kuwa robo ukurasa iliyokwisha kuuzwa kwa vipimo visivyolingana na safu zako haiwezi kukataliwa baada ya mteja kulipa.

Hatua ya pili: anza na mstari mmoja wa maandishi

Wanaoanza kazi hii huanza na ukurasa, kisha hukata vipande. Mimi napendekeza kinyume chake: anza na mstari mmoja wa maandishi ya kawaida, kisha jenga ukurasa kutokana nao, kwa sababu mstari huo ndio utakaorudiwa maelfu ya mara ndani ya jarida.

Chagua fonti ya maandishi ya kawaida, ukubwa wake, na umbali kutoka mstari mmoja hadi unaofuata. Vipimo vya herufi hutumia pointi, na katika programu za leo pointi 72 ni sawa na inchi moja, yaani milimita 25.4. Katika mfano wetu tutatumia herufi za pointi 9.5 zilizosimama juu ya mistari iliyoachana kwa pointi 12, ambazo ni milimita 4.23. Kiswahili kina herufi nyingi pana kama m na w, kwa hiyo fonti iliyobanwa sana inaweza kuvutia kwa kuokoa nafasi, lakini ukurasa wake huonekana mzito na huchosha macho. Kama jarida litachapishwa kwenye karatasi ya gazeti, epuka pia fonti zenye vijistari vyembamba sana, kwa kuwa wino husambaa kwenye karatasi ile na vijistari hivyo hupoteza umbo.

Chapisha aya tatu za makala halisi kwenye karatasi inayokaribiana na ile itakayotumika, uzisome usiku chini ya taa ya kawaida ya nyumbani. Kioo cha kompyuta hakiwezi kukupa jibu hili, kwa kuwa chenyewe kinang'aa na tena unaweza kukikuza kwa kubofya mara moja.

Hatua ya tatu: pima upana wa safu kwa maneno ya Kiswahili

Hapa ndipo panapostahili muda mwingi kuliko hatua nyingine zote.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, kirejeshi na mtendwa ndani ya neno moja. Neno kama "yaliyokwishachapishwa" lina herufi 21, wala si neno la kutafutwa kwa tochi. Hutokea katika sentensi za kawaida kabisa. Katika safu ya milimita 41, fonti ya pointi 9.5 hutoa takriban herufi 26 kwa mstari, nafasi zikihesabiwa. Maana yake ni kwamba neno hilo moja likiingia hula karibu mstari mzima, na kama maandishi yamenyooshwa pande zote mbili, kompyuta hulazimika kuyatawanya maneno mawili ya mstari uliotangulia hadi yanabaki mashimo meupe. Mashimo hayo yakifuatana mstari baada ya mstari, hufanya mito inayoshuka katikati ya aya, na jicho la msomaji huteremka na mto badala ya kusoma.

Fanya jaribio hili. Chukua aya moja ndefu iliyoandikwa na mmoja wa waandishi wako, uimimine katika safu nne zenye upana wa milimita 41, 56, 71 na 86. Katika fonti nyingi za kusomea utapata takriban herufi 26, 36, 45 na 55 kwa mstari. Utaona mwenyewe kwamba safu ya 41 haifai kabisa kunyooshwa pande zote mbili. Ile ya 56 inafaa ikiwa maneno yatagawanywa vizuri mwishoni mwa mistari. Ile ya 71 husomeka bila matatizo. Na ile ya 86 husomeka vizuri pia, lakini katika makala ndefu huupa ukurasa sura ya kitabu kuliko ya jarida. Safu nyembamba si haramu. Inafaa sana kwa ratiba, orodha na maelezo ya picha, mradi maandishi yake yaanzie kushoto na kuachwa huru upande wa kulia.

Kugawa maneno kunahitaji tahadhari ya pekee. Kama programu yako haina kamusi ya kugawa maneno ya Kiswahili, nayo umeiacha katika mpangilio wa Kiingereza, itakata maneno yako kwa kanuni za Kiingereza, na utakuta "wananchi" imekatwa kuwa "wan-anchi". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na vokali, kwa hiyo mkato huja baada ya vokali: wa-na-nchi, ki-to-ngo-ji, u-shi-ri-ki-a-no. Herufi zinazoandamana kama ch, sh, ny, ng', mb na nd hazitenganishwi, na neno ng'ombe hugawanywa ng'o-mbe tu. Maneno yenye asili ya kigeni huweza kufunga silabi kwa konsonanti, kama lab-da, dak-ta-ri na mak-ta-ba. Zima ugawaji wa lugha nyingine, weka kamusi ya Kiswahili ikiwa inapatikana kwa programu yako, na isipopatikana, gawa kwa mkono yale maneno machache yanayoacha mashimo makubwa. Makala ya maneno 2,000 haitakuchukua zaidi ya nusu saa.

Hatua ya nne: gawa upana wa ukurasa

Sasa tunajua kwamba tunahitaji safu za milimita 56, 71 na 86, na mara chache za 41. Tunatafuta mgawanyo mmoja utakaozizaa zote.

Anza na pambizo za pembeni. Pambizo ya ndani, iliyo upande wa mgongo, tuipe milimita 18, na ya nje milimita 16. Jarida lililofungwa kwa pini hufunguka vizuri, kwa hiyo 18 zinatosha. Kama lako litafungwa kwa gundi, ongeza ya ndani hadi 22 au 25, kwa kuwa halitalala wazi mezani na maneno yaliyo karibu na mgongo yatazama. Baada ya kutoa pambizo hizo, 210 zinabaki 176.

Gawa 176 katika safu ndogo 12 zenye upana wa milimita 11 kila moja, zikitenganishwa na vichochoro 11 vya milimita 4. Hesabu inakubali: 12 mara 11 ni 132, na 11 mara 4 ni 44, jumla 176. Safu hizi ndogo hazibebi maandishi zikiwa peke yake. Kazi yake ni kuunganishwa. Ukiunganisha nne nne pamoja na vichochoro vilivyo kati yake, unapata safu tatu za milimita 56. Ukiunganisha tatu tatu, unapata safu nne za milimita 41. Ukiunganisha sita sita, unapata safu mbili za milimita 86.

Muungano ninaoupenda kuliko yote ni wa mbili, tano na tano. Safu mbili ndogo za upande wa nje hufanya ukanda mwembamba wa milimita 26, na kumi zilizobaki hufanya safu mbili za maandishi za milimita 71. Ukanda wa pembeni huachwa mweupe au huwekwa maelezo ya picha, nukuu fupi na picha ndogo ya mwandishi, huku makala yenyewe ikikaa katika upana ambao maneno ya Kiswahili yanaupumulia. Mhariri anaweza kulalamika kwamba nafasi inapotea. Mwonyeshe ukurasa uleule uliopangwa kwa safu nne za 41, na umwombe asome aya mbili kwa sauti.

Namba 12 si ngeni katika kazi hii. Msanifu Willy Fleckhaus aliitumia katika jarida la Kijerumani la twen, lililoanza mwaka 1959, na kurasa zake zinazoonekana huru na zenye picha kubwa mno zilikuwa zimeegemea juu ya safu hizo 12. Kasoro ya 12 ni kwamba haizai safu tano zilizo sawa. Mswisi Karl Gerstner aliikwepa kasoro hiyo mwaka 1962 alipoliundia gridi jarida la Capital: aligawa upana wa eneo la kazi katika vipande 58, akaweka vipande viwili kwa kila kichochoro, na kwa njia hiyo akapata safu mbili za vipande 28, tatu za 18, nne za 13, tano za 10 au sita za 8, kila mgawanyo ukirudi kwenye 58 kamili. Chukua kalamu uihakiki hesabu hiyo, kwa kuwa ndani yake kuna somo la kazi yote: namba huchaguliwa kwa sababu ya watoto wake. Kwa jarida letu, hata hivyo, safu tano sawa zingekuwa na milimita 32 tu kila moja, upana usiofaa kwa Kiswahili, kwa hiyo hatupotezi kitu tukibaki na 12.

Hatua ya tano: gawa kimo cha ukurasa kwa kuhesabu mistari

Kimo hakigawanywi kwa milimita bali kwa mistari ya maandishi, maana lengo letu ni picha kuishia pale mstari unapoishia.

Katika jarida la kwanza nililolipangia gridi mwenyewe nilichagua mistari 60 kwa ukurasa. Namba 60 inapendeza, hugawanyika kwa mbili, tatu, nne, tano na sita, na mistari 60 ya pointi 12 ni milimita 254 kamili. Nikaona nimepatia. Nilichosahau ni kwamba kati ya picha na picha, au kati ya picha na maandishi yaliyo chini yake, lazima kuwe na nafasi, na nafasi hiyo nayo ni mstari mmoja mtupu. Ukitaka sehemu sita zenye nafasi tano kati yake, 60 kutoa 5 ni 55, na 55 haigawanyiki kwa sita. Ukitaka nne zenye nafasi tatu, 57 haigawanyiki kwa nne. Kila toleo nilikuwa nikisukuma picha juu na chini kwa jicho, na kila toleo hazikulingana.

Kanuni ni hii: ongeza moja kwenye idadi ya mistari, kisha uangalie kama jibu linagawanyika. Mistari 60 inatoa 61, ambayo haigawanyiki kwa chochote. Mistari 59 inatoa 60, na milango yote inafunguka. Ukurasa wa mistari 59 unaweza kugawanywa katika sehemu mbili za mistari 29, tatu za 19, nne za 14, tano za 11 au sita za 9, kila mara ukiacha mstari mmoja mtupu katikati.

Tutachukua sita za mistari 9. Wapo wanaoziita safu mlalo. Mimi huziita ghorofa, kwa sababu zikikutana na safu ndogo 12 ukurasa unakuwa kama jengo lenye vyumba 72, na kuta zinaweza kubomolewa ili vyumba kadhaa viwe ukumbi mmoja.

Mistari 59 ya pointi 12 ni pointi 708, sawa na milimita 249.77. Pambizo ya juu tuipe milimita 20. Inabaki 27.23 chini, ambako ndiko tutakakoweka namba ya ukurasa na jina la jarida, mistari miwili chini ya maandishi ya mwisho. Usiisogeze namba ya ukurasa karibu mno na ukingo wa nje. Jarida la pini likikunjwa, karatasi za katikati husukumwa nje kidogo na zile zinazozizunguka, kisha kisu cha kiwandani huzikata zote kwa pamoja, hivyo kurasa za katikati hubaki na pambizo nyembamba kuliko za mwanzo na za mwisho.

Hatua ya sita: ijenge ndani ya programu

Vipimo hivi vinafanya kazi katika programu za kupanga kurasa kama InDesign, Affinity na Scribus. Fungua faili la A4 lenye kurasa zinazotazamana, na uweke milimita 3 za ziada pande zote kwa ajili ya picha zinazofika ukingoni na kukatwa. Weka pambizo: juu 20, chini 27.23, ndani 18, nje 16. Weka safu 12 na vichochoro vya milimita 4. Washa gridi ya mistari ya msingi, yaani ile ambayo herufi husimama juu yake, ianzie milimita 20 kutoka juu ya ukurasa, na iruke pointi 12 kila mara. Mwisho, tengeneza miongozo ya ghorofa sita yenye nafasi ya pointi 12 kati yake, ikipimwa ndani ya pambizo na si kwenye ukurasa mzima.

Andika 27.23 kama ilivyo. Ukiikuza kuwa 27.3 kwa kupenda namba fupi, fremu ya maandishi itapungua kwa sehemu ndogo ya milimita, na mstari wa 59 utatoweka kwa sababu hauna tena mahali pa kusimama. Hutaona kosa lolote, lakini kila ukurasa unapungukiwa na mstari mmoja.

Kazi hii yote ifanyike kwenye ukurasa kiolezo, ili kila ukurasa mpya uzaliwe nayo. Kisha tengeneza mitindo ya maandishi inayoitii mistari ya msingi. Maandishi ya kawaida yashikizwe kwenye gridi moja kwa moja. Kichwa kikuu cha pointi 30 kipewe nafasi ya pointi 36 kwa mstari, ambayo ni mistari mitatu kamili. Kidokezo, yaani maneno machache ya utangulizi yanayofuata kichwa, kiwe pointi 14 juu ya 18, ili kila mistari yake miwili ichukue nafasi ya mistari mitatu ya kawaida. Maelezo ya picha yawe pointi 7.5 juu ya 9, hivyo kila mistari minne yake hukutana tena na gridi baada ya mistari mitatu. Kichwa kidogo ndani ya makala kiwe na ukubwa uleule wa maandishi ya kawaida, kwa herufi nzito, kikitanguliwa na mstari mmoja mtupu na kisifuatwe na wowote.

Hatua ya saba: panga kurasa mbili mbili

Msomaji haoni ukurasa mmoja. Huona kurasa mbili zinazotazamana kwa mara moja. Panga hivyo.

Kwa kila aina ya ukurasa katika orodha ya hatua ya kwanza, chagua muungano mmoja wa safu na uuandike. Katika jarida letu, makala kuu na mahojiano hutumia mbili, tano na tano. Habari fupi hutumia safu tatu za nne nne. Ratiba na orodha za bei hutumia safu nne za tatu tatu, maandishi yakiwa huru upande wa kulia. Tahariri hukaa katika safu moja ya sita, na nusu ya pili ya ukurasa hubeba picha ya mhariri na yaliyomo. Mpangilio huu una faida ambayo wahariri huigundua baadaye: msomaji akifunua popote, upana wa safu humwambia yuko sehemu gani ya jarida kabla hajasoma kichwa.

Chagua pia mstari wa kuning'inizia, yaani kimo kimoja ambacho maandishi ya makala zote huanzia. Mimi huweka mwanzo wa ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza huachiwa kichwa na kidokezo, na kichwa kikiwa kifupi huachwa na nafasi yake nyeupe. Chini, maandishi hayalazimiki kuishia mstari uleule katika kila safu. Safu moja ikiishia mstari wa 59 na jirani yake wa 54, hakuna ubaya. Ubaya ni kuongeza nafasi kati ya aya ili zilingane, kwa kuwa hapo mistari ya safu mbili hupishana na gridi nzima hupoteza maana.

Picha huchukua vyumba kamili. Picha ya safu sita na ghorofa tatu, ya safu nne na ghorofa mbili, ya safu 12 na ghorofa nne: hizi zote zitapatana zikikaa jarida moja. Chini ya picha kuwe mstari wa msingi wa ghorofa yake. Juu, hata hivyo, kuna jambo dogo linalotofautisha kazi ya fundi na ya mwanafunzi. Mwongozo wa ghorofa uko juu ya vichwa vya herufi, hivyo picha ikifika kwenye mwongozo huo wakati safu ya jirani ina maandishi, picha itaonekana imechomoza. Ishushe hadi kimo cha herufi kubwa za mstari wa kwanza, takriban milimita 2, na vitu viwili hivyo vitasimama bega kwa bega.

Katika kila jozi ya kurasa, picha moja iwe kubwa kwa wazi kuliko nyingine. Gridi hushawishi mtu kuzifanya picha zote ziwe sawa kwa kuwa vyumba viko sawa, na matokeo yake ni ukurasa unaofanana na mbao za matangazo ya nyumba za kupanga. Vilevile, picha inapovuka mgongo kwenda ukurasa wa pili, hakikisha uso wa mtu hauangukii kwenye mkunjo.

Kuvunja gridi kunaruhusiwa, lakini kwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kivunjike kweli. Picha iliyofika ukingoni pande tatu huonekana imekusudiwa. Picha iliyopita safu kwa milimita 3 huonekana imekosewa.

Hatua ya nane: toa vipimo vya matangazo kutoka kwenye gridi

Sasa rudi kwa mtu wa matangazo ukiwa na jedwali lako. Ukurasa kamili unaofika ukingoni ni milimita 210 kwa 297, na faili liletwe likiwa 216 kwa 303 ili kuwe na ziada ya kukatwa. Ukurasa kamili ndani ya pambizo ni 176 kwa 249.8. Nusu ya mlalo ni ghorofa tatu, yaani 176 kwa 122.8. Robo ni 86 kwa 122.8. Ukanda wa chini ni ghorofa moja, 176 kwa 38.1. Tangazo lolote lenye vipimo hivi huingia bila kusukuma makala, na maandishi yanayobaki juu yake huishia kwenye mstari wa ghorofa.

Mteja akileta tangazo la vipimo vingine, liweke ndani ya fremu ya ukubwa ulio karibu na uache weupe ulizunguke. Usilivute upande mmoja. Nembo iliyovutwa huonekana hata na mtu asiyejua lolote kuhusu uchapaji, na mwenye nembo ndiye wa kwanza kuiona.

Hatua ya tisa: ijaribu kabla ya kumwita mwandishi yeyote

Panga jozi nne za kurasa kwa makala na picha za kweli: jozi moja ya makala kuu, moja ya habari fupi, moja ya ratiba, na moja yenye tangazo la nusu ukurasa. Zichapishe kwa ukubwa wake, bila mistari ya gridi, uzikate ukingoni na kuzikunja ziwe kijitabu. Kikabidhi kwa mtu asiyehusika na jarida na umtazame anavyofunua, bila kumuuliza anaonaje; angalia tu macho yake yanaanzia wapi na kidole gumba chake kinafunika nini. Kisha geuza kurasa juu chini ubavuni mwa meza. Maneno yakiwa hayasomeki, mizani ya picha na weupe hujitokeza, na safu iliyozidi uzito huonekana mara moja.

Ukiridhika, mpelekee mpiga chapa jozi moja tu ya majaribio, iliyohifadhiwa kama PDF yenye ziada ya milimita 3, na umwombe akuchapie kwenye karatasi halisi ya jarida. Karatasi hiyo ikirudi, ipeleke dirishani uiinue kwenye mwanga. Mistari ya pande mbili ikipishana kwa kiasi kilekile ukurasa mzima, tatizo ni la mtambo na mpiga chapa anaweza kulirekebisha. Ikipishana katika safu moja tu, fungua faili lako utafute aya ambayo haikushikizwa kwenye mistari ya msingi.